Juisi ya matunda na bakteria waletao magonjwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Panapoandikwa "juisi" hapa bila maelezo mengine, maana yake ni maji yaliyokamuliwa kwenye tunda, hayakuongezwa maji wala sukari. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi.

Je, ni kweli kwamba juisi ya matunda inaua bakteria?

Baadhi ya juisi huua baadhi ya bakteria, zikiwa kali vya kutosha na zikiachwa nao kwa muda wa kutosha. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, akitiwa kwenye maji ya ndimu yasiyozimuliwa hufa ndani ya dakika chache. Kwa upande mwingine, E. coli O157:H7, anayesababisha kuhara damu, alipowekwa na watafiti kwenye juisi ya tufaha yenye baridi ya nyuzi 8 za Selsiasi, aliendelea kuishi kwa siku 10 hadi 31. Juisi zote mbili zina asidi, ila matokeo ni mbingu na ardhi.

Kwa hiyo mtu akikuambia juisi fulani "inaua bakteria", mwulize: tunda gani, bakteria yupi, ukali kiasi gani, kwa muda gani, tena wapi? Kwenye sahani ya maabara, kwenye chakula, au ndani ya mwili wa binadamu? Hilo swali la mwisho ndilo linalorukwa mara nyingi, na ndilo linalobeba uzito wote.

Ni kitu gani ndani ya juisi kinachofanya kazi hiyo?

Asidi, kwa sehemu kubwa sana. Maji ya limau na ya ndimu yana takriban gramu 5 za asidi ya sitriki katika kila mililita 100. Tufaha lina asidi ya maliki. Zabibu na ukwaju zina asidi ya tartariki. Hizi zote ni asidi dhaifu, yaani sehemu tu ya molekuli zake huachia protoni (chembe ndogo zinazoleta uchachu) majini, na zilizobaki hukaa nzima. Molekuli nzima haina chaji, na kwa hiyo inaweza kupenya utando wa mafuta unaoizunguka seli ya bakteria. Ikishaingia inakuta pH (kipimo cha uchachu) ya ndani iko karibu na 7, yaani hakuna uchachu, inavunjika, na protoni zinamwagika humo humo.

Bakteria hawezi kuvumilia uchachu ndani ya seli yake, hivyo anatumia nishati yote aliyonayo kuzisukuma protoni nje. Anakuwa kama mtumbwi unaovuja: kila mtu anakumba maji, hakuna aliyeshika kasia. Hakui, hagawanyiki, na akizidiwa vimeng'enya vyake vinaharibika, anakufa.

Asidi ya sitriki ina kazi ya ziada. Hunasa madini ya kalsiamu na magnesi, ambayo bakteria wengi huyategemea kuushikilia pamoja utando wao wa nje. Utando ukilegea, vitu vingine vilivyomo kwenye juisi hupata njia.

Kwa hiyo juisi iliyo chachu zaidi mdomoni ndiyo yenye nguvu zaidi?

Ulimi si kipimo kizuri, maana sukari huufunika uchachu. Tumia pH. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, na kila namba moja ni tofauti ya mara 10: juisi yenye pH 3 ina protoni mara 10 zaidi ya yenye pH 4.

Ndimu na limau ziko kati ya 2 na 2.6. Kranberi, tunda dogo jekundu, huzikaribia, na komamanga huwa karibu na 3. Nanasi, tufaha na chungwa huangukia kati ya 3.2 na 4.2, kutegemea aina ya tunda na kiwango cha kuiva. Embe lililoiva hupanda hata kupita 4. Tikiti maji liko 5.2 hadi 5.6, papai lililoiva liko huko huko, na tikiti tamu lenye nyama ya rangi ya chungwa hupita 6.

Mstari ambao wataalamu wa chakula wanaulinda ni pH 4.6. Chini ya hapo, spora (mbegu sugu) za Clostridium botulinum, bakteria anayetengeneza sumu kali ya botulinamu, haziwezi kuchipua na kukua. Juu ya hapo zinaweza. Juisi ya tikiti maji haina hata chembe ya kinga tunayoizungumzia hapa; Salmonella akiingia humo na juisi ikaachwa mezani, atazaliana bila shida. Watu wengi huweka matunda yote kwenye kapu moja, na hilo ndilo kosa la kwanza.

Mbali na asidi, hakuna kingine?

Kipo. Komamanga lina tanini nyingi, hasa zile zinazoitwa punikalajini, ambazo hung'ang'ania protini za bakteria na kuzivuruga. Matunda yenye rangi ya zambarau na nyekundu yana anthosianini na jamii nyingine za polifenoli. Kranberi ina asidi ya benzoiki ya asili, dutu ile ile inayoongezwa viwandani kuzuia vinywaji visioze. Ganda la limau na chungwa lina mafuta yenye limonene na sitrali. Haya huathiri utando wa bakteria, lakini yako kwenye ganda, si kwenye maji ya tunda, isipokuwa machache yanayotoka wakati wa kukamua.

Vitamini C ni asidi pia, ila kiasi chake kwenye limau ni takriban miligramu 50 kwa gramu 100. Ukilinganisha na gramu 5 za asidi ya sitriki, mchango wake katika kuua bakteria ni mdogo mno. Sifa ya limau kwa mabaharia, ambayo daktari James Lind aliithibitisha kwa jaribio lake la mwaka 1747, ilihusu kiseyeye. Kiseyeye ni upungufu wa vitamini C. Hakuna bakteria aliyeuawa pale.

Bakteria gani hufa upesi, na gani ni sugu?

Vibrio cholerae ni dhaifu mbele ya asidi kuliko karibu wote wanaoleta magonjwa ya tumbo. Ndugu yake anayepatikana kwenye vyakula vya baharini, Vibrio parahaemolyticus, naye hapendi uchachu.

Salmonella, Listeria na aina za E. coli zinazotoa sumu ni wagumu zaidi. Huweza kukaa kwenye juisi yenye pH 3.5 hadi 4 kwa siku kadhaa bila kukua, wakisubiri tu. Tena wanajifunza: wakipitishwa kwanza kwenye uchachu wa wastani, huwasha jeni za kujikinga na kisha huvumilia uchachu mkali ambao ungewaua. Matokeo yake, bakteria aliyekaa kwenye juisi anaweza kufika tumboni akiwa amejiandaa vizuri zaidi kuliko aliyetoka kwenye maji ya kawaida. Hili huwashangaza wengi.

Kuna pia tofauti ya ukuta wa seli, ile inayoonekana kwa njia ya rangi aliyoitangaza Hans Christian Gram mwaka 1884. Bakteria wa Gramu hasi wana utando wa pili wa nje unaozuia polifenoli nyingi zisipenye. Wa Gramu chanya, kama Staphylococcus aureus wa majipu, hawana utando huo, na ndiyo maana kwenye tafiti nyingi za juisi na dondoo za matunda wao ndio huonekana kuathirika zaidi.

Spora ni habari nyingine. Juisi haiziui.

Watafiti hupimaje nguvu ya juisi?

Njia unayoiona kwenye picha nyingi ni ya sahani ya agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria. Bakteria hupakwa sawasawa juu ya agari, shimo dogo hutobolewa, juisi hutiwa ndani ya shimo, na sahani huwekwa kwenye nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24. Juisi ikiwa na nguvu, kuzunguka shimo hubaki duara safi ambamo bakteria hawakuota. Duara hupimwa kwa milimita.

Njia hii ni rahisi, nafuu, na ina mitego. Upana wa duara hautegemei nguvu ya kuua peke yake; unategemea pia jinsi dutu inavyosambaa ndani ya agari. Asidi ya sitriki ni molekuli ndogo, inasambaa upesi. Tanini ni kubwa na hunasa njiani. Kwa hiyo komamanga linaweza kuonekana dhaifu kuliko lilivyo, na limau kuonekana na nguvu kuliko lilivyo. Pia duara safi halisemi kama bakteria wamekufa au wamezuiwa tu kukua. Ukiwahamishia kwenye chakula kipya wengine huamka.

Utafiti makini huenda mbali zaidi. Hutafuta kiwango cha chini kabisa cha juisi kinachozuia ukuaji, kisha kiwango cha chini kinachoua, kwa kuizimua juisi hatua kwa hatua. Huhesabu bakteria waliobaki hai baada ya dakika 5, 30, saa 1, saa 24. Na zaidi ya yote, hufanya ulinganisho wa pH: juisi ile ile huzimwa asidi yake mpaka pH ifike 7, kisha hujaribiwa upya. Mara nyingi nguvu yote hutoweka hapo, na unajua kwamba ilikuwa asidi tu. Ikibaki, basi kuna dutu nyingine yenye thamani ya kutafutwa.

Binafsi, ripoti isiyo na ulinganisho huo naisoma kama habari ya asidi, hata kama kichwa chake kinataja tunda lenye jina zuri namna gani.

Nilisoma kwamba juisi ya limau iliishinda antibiotiki maabara. Je, ni kweli?

Duara lake linaweza kweli kuwa pana zaidi. Lakini piga hesabu. Kipande kidogo cha karatasi chenye antibiotiki ya siprofloksasini kinachotumiwa maabara kina mikrogramu 5 za dawa. Shimo lenye mililita 0.1 ya juisi ya limau lina takriban mikrogramu 5,000 za asidi ya sitriki. Ni mara elfu moja zaidi.

Halafu kuna tofauti iliyo kubwa kuliko hiyo: dawa inafika kwenye damu, kwenye figo, kwenye mapafu, ikiwa bado na nguvu yake. Asidi ya limau haifiki.

Kwa nini haifiki? Si ninaimeza?

Fuata safari yake. Tumbo lenyewe lina asidi kali, pH 1.5 hadi 3.5 kabla ya chakula. Juisi yako haiongezi kitu kikubwa pale. Kwa wengi ni dhaifu kuliko kilichomo. Kutoka tumboni inaingia kwenye utumbo mwembamba, ambako kongosho hummiminia bikaboneti kila kitu kinachopita, na pH hupanda kuelekea 6 au 7. Nguvu ya asidi imekwisha hapo, sentimita chache tu baada ya tumbo.

Asidi ya sitriki inayofyonzwa hutumiwa na seli kama chakula. Mwili wenyewe huitengeneza kila sekunde katika mzunguko wa kuzalisha nishati. Damu hubaki kwenye pH 7.35 hadi 7.45, unywe limau 1 au 20. Kwa hiyo juisi haitibu nimonia, haitibu kisonono, haitibu homa ya uti wa mgongo. Hapo hakuna "labda".

Vipi kuhusu ndimu na kipindupindu? Nilisikia kuna ushahidi.

Upo, na ni mojawapo ya mifano mizuri zaidi. Wakati wa milipuko ya kipindupindu nchini Guinea-Bissau katika miaka ya 1990, watafiti waliwalinganisha watu waliougua na wasiougua, wakakuta kwamba waliotia maji ya ndimu kwenye mchuzi wa kulia wali walikuwa na hatari ndogo ya kuambukizwa. Maabara nako ndimu ilizuia Vibrio cholerae kuota kwenye chakula.

Mantiki yake inaeleweka. Bakteria huyu anahitaji kufika utumboni kwa wingi. Katika majaribio ya watu waliojitolea, idadi iliyotosha kumuuguza mtu ilishuka kutoka mabilioni hadi takriban milioni moja pale asidi ya tumbo ilipozimwa kwa bikaboneti. Chakula kilichopikwa, kikapoa na kukaa, ni mahali pazuri pa bakteria huyu kuzaliana. Ukikitia uchachu, humpi nafasi ya kufikia idadi anayoihitaji.

Angalia lakini ndimu ilifanya kazi wapi: kwenye chakula, kabla hakijaliwa. Mtu akishaugua, ndimu haina msaada. Kipindupindu huua kwa kukausha maji mwilini, wakati mwingine ndani ya saa chache, na tiba yake ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini. Pasipo na pakiti, hutumika vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vipimwe kwa kusawazishwa, katika lita 1 ya maji safi, huku mgonjwa akikimbizwa kituo cha afya.

Naweza kusafisha maji ya kunywa kwa ndimu?

Kwa ndimu peke yake, hapana. Matone machache kwenye ndoo hayashushi pH vya kutosha.

Kuna njia iliyochunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, matokeo yakachapishwa mwaka 2012: mililita 30 za maji ya ndimu katika lita 2 za maji, kwenye chupa ya plastiki angavu iliyowekwa juani. Njia ya kawaida ya kusafisha maji kwa jua huhitaji takriban saa 6. Walipoongeza ndimu, E. coli walipungua kwa kiasi kikubwa ndani ya nusu saa tu. Ndimu ina dutu ziitwazo psoraleni, ambazo zikipigwa na miali ya jua hushambulia vinasaba vya vijidudu.

Tatizo ni virusi. Katika jaribio hilo hilo, norovirusi hawakupungua kwa kasi hiyo. Ukiwa na kuni au klorini, chemsha au tia klorini.

Homa ya matumbo je?

Salmonella Typhi huingia kwenye damu na kujificha ndani ya seli za kinga. Juisi haimfikii. Nenda kapimwe, upewe antibiotiki.

Na juisi ya kranberi kwa maambukizi ya njia ya mkojo, ile UTI?

Hapa jibu limebadilika kadiri ushahidi ulivyoongezeka, na linafaa kuelezwa taratibu.

Kranberi haiui bakteria kwenye kibofu. Ina polifenoli za aina ya proanthosianidini A, ambazo huzuia vinyweleo vya E. coli visijishike kwenye ukuta wa njia ya mkojo. Bakteria asiyeshika husombwa na mkojo. Mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2012 yalisema manufaa hayaonekani wazi. Yaliporudiwa mwaka 2023, yakiwa na majaribio mengi zaidi, yalikuta kwamba bidhaa za kranberi hupunguza hatari ya kuugua tena kwa wanawake wenye UTI ya kujirudia, kwa takriban robo, na kwa watoto kwa karibu nusu. Kwa wazee wanaoishi kwenye nyumba za kutunzia wazee na kwa wajawazito, faida haikuonekana.

Hayo yote ni kinga. Ukiwa tayari unaumwa wakati wa kukojoa, una homa au maumivu ya ubavuni, kranberi si dawa, na kuchelewa kunaweza kupeleka maambukizi kwenye figo. Pia kumbuka kwamba vinywaji vingi vyenye jina la kranberi vina juisi kidogo na sukari nyingi.

Vidonda vya tumbo husababishwa na bakteria. Je, juisi inaweza kumwondoa?

Helicobacter pylori amezoea kuishi tumboni, mahali pachachu kuliko juisi nyingi. Ana kimeng'enya cha urease kinachotengeneza amonia na kumzunguka kama kinga. Asidi ya ndimu haimtishi.

Kranberi imejaribiwa kwake kwa ile njia ya kuzuia kujishika. Katika jaribio la Linqu, mkoa wa Shandong nchini China, lililochapishwa mwaka 2005, watu wazima 189 walipewa ama juisi ya kranberi, mililita 250 mara mbili kwa siku, ama kinywaji cha kufanana nayo. Baada ya siku 90, takriban asilimia 14 ya walionywa kranberi hawakuonekana tena na bakteria, dhidi ya takriban asilimia 5 ya wenzao. Kisayansi inavutia. Kwa mgonjwa, ni kidogo: mchanganyiko wa dawa za hospitali huwaondoa bakteria hawa kwa wagonjwa walio wengi ndani ya wiki 2.

Juisi yenyewe inaweza kuniletea ugonjwa?

Inaweza, na imewahi kuua. Mwaka 1996, juisi ya tufaha isiyopashwa moto iliyouzwa magharibi mwa Marekani na Kanada ilikuwa na E. coli O157:H7. Makumi waliugua, mtoto mmoja mdogo akafariki. Mwaka 1999 juisi ya machungwa isiyopashwa moto ilisambaza Salmonella kwa mamia ya watu katika nchi hizo hizo mbili. Kabla ya matukio hayo, wengi waliamini kwamba uchachu wa tufaha na chungwa unatosha kuwa ulinzi.

Kwa O157:H7, idadi isiyofika 100 inaweza kutosha kumwangusha mtu. Hivyo haisaidii juisi kuzuia bakteria wasizaliane. Waliomo tayari wanatosha. Mwaka 2001 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa kanuni inayowataka watengenezaji wapunguze bakteria hatari kwa mara 100,000, kwa joto au njia nyingine iliyothibitishwa.

Uchafu huingia kupitia ganda: tunda lililookotwa chini penye kinyesi cha wanyama, maji machafu ya kuoshea, kisu, mikono, barafu. Osha tunda kabla ya kulikata, hata kama ganda huli.

Nikiiweka kwenye friji itakuwa salama?

Itachelewa kuoza, na kwa juisi za tikiti maji au papai friji ni lazima. Lakini kwa juisi chachu kuna kioja: baridi huwahifadhi bakteria sugu. E. coli O157:H7 aliyedumu siku 10 hadi 31 kwenye juisi ya tufaha ya nyuzi 8 alidumu siku 2 hadi 3 tu kwenye nyuzi 25. Kwenye baridi kila kitu hupungua kasi, pamoja na madhara ya asidi. Hii si ruhusa ya kuiacha juisi mezani, kwa sababu hamira na ukungu wataishambulia. Ni sababu ya kutoiamini friji kama dawa ya juisi iliyochafuka.

Kuipasha moto hakuui nguvu zake?

Asidi haipotei kwa joto. Viwandani hutumia takriban nyuzi 72 kwa sekunde 15 hivi. Ladha hubadilika kidogo, vitamini C hupungua kidogo. Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu, mimi ningechagua iliyopashwa moto bila kusita.

Samaki mbichi aliyelowekwa kwenye maji ya ndimu "ameiva"?

Amebadilika rangi na kukaza, kwa sababu asidi hukunja protini kama joto linavyofanya. Vibrio hupungua sana. Salmonella hawapungui kwa kiwango hicho, na minyoo wa samaki kama Anisakis huvumilia. Kinachowaua minyoo ni kupika au kugandisha kwa baridi kali kwa siku kadhaa.

Kuosha mboga au ubao wa kukatia kwa limau kunatosha?

Hupunguza, hakumalizi. Kwenye ubao, mabaki ya nyama na mafuta huzima asidi na kuwakinga bakteria. Sabuni na maji moto kwanza; limau litabaki kuwa la harufu.

Naweza kupaka juisi kwenye kidonda au chunusi?

Usipake. Asidi yenye pH 2 huumiza seli zako pia, na tishu zilizojeruhiwa hupona polepole. Zile psoraleni za ndimu zikiwa kwenye ngozi na jua likapiga, huleta malengelenge kama ya kuungua moto, yakifuatiwa na madoa meusi yanayoweza kukaa miezi. Machoni, kamwe.

Na bakteria wa meno?

Hawa wananufaika. Streptococcus mutans hula sukari ya juisi, hutengeneza asidi yake mwenyewe, na huvumilia uchachu kuliko majirani zake mdomoni. Wakati huo huo enameli huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya takriban 5.5, na karibu juisi zote ziko chini ya hapo. Kunywa mara moja na chakula, si kidogo kidogo kutwa nzima, na usipige mswaki papo hapo. Subiri kama nusu saa.

Naweza kumezea antibiotiki kwa juisi?

Tumia maji. Juisi ya machungwa iliyoongezwa kalsiamu hupunguza ufyonzwaji wa siprofloksasini, maana kalsiamu huinasa dawa utumboni. Balungi nalo huzuia kimeng'enya cha CYP3A4 kinachovunja dawa nyingi, zikiwemo baadhi za moyo na za kolesteroli kama simvastatini, na kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda hadi kuwa hatari. Glasi moja inatosha kufanya hivyo, na athari hudumu zaidi ya siku moja. Ukiandikiwa dawa, taja juisi unazokunywa.

Mimi ni mwanafunzi, nataka kufanya jaribio la namna hii. Nianzie wapi?

Usioteshe bakteria kutoka kooni, chooni au kwenye nyama; hujui utakachokuza. Omba kwa mwalimu aina isiyo na madhara, kama E. coli K-12. Chuja juisi kwa kichujio cha mikromita 0.2 ili usipande bakteria na hamira za tunda lenyewe. Andika pH ya kila juisi. Andaa sampuli 4: juisi halisi, juisi iliyofikishwa pH 7, maji yenye asidi ya sitriki kwa pH sawa na juisi, na maji matupu yaliyotakaswa. Rudia kila moja angalau mara 3.

Sahani zikishapimwa zisifunguliwe. Ziingie kwenye otoklevu (chombo cha kutakasa kwa mvuke), nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, ndipo zitupwe.